Ukimwandika Mtu Kazi, Mwandike Kweli

Haya ni maneno ya mazungumzo juu ya sheria ya kazi, yaliyosomwa mbele ya wenye maduka, hoteli, karakana na nyumba wa Kibera na Kawangware, Nairobi.

Bila shaka wengi wenu mliposikia kwamba leo tutazungumza juu ya wajibu wa waajiri, mlisema mioyoni mwenu: "Hayo hayanihusu. Mwajiri ni mwenye kiwanda kule Industrial Area, au tajiri wa Lavington mwenye lango la chuma na mbwa wawili. Mimi nina kibanda cha chapati tu, na kijana mmoja wa kunisaidia." Nimekuja kuwaambia kwamba maneno hayo si kweli, na kwamba yamewaponza watu wengi.

Wazee wetu walikuwa na msemo mzuri. Hawakusema kumwajiri mtu; walisema kumwandika mtu kazi. Walisema, "Fulani ameandikwa kazi bandarini," au "Fulani ameandikwa kazi ya reli." Msemo wenyewe unatufundisha jambo, maana ndani yake mna kuandika. Lakini sisi leo twamwandika mtu kazi pasipo kuandika neno lolote. Twakubaliana naye mlangoni, amebeba mfuko wake mkononi, nasi tuna haraka ya kwenda zetu. Baada ya miezi minane tunagombana, naye ana habari yake nasi tuna yetu, na hakuna karatasi ya kuamua.

Hilo ndilo neno langu la leo: ukimwandika mtu kazi, mwandike kweli. Mengine yote nitakayosema yatoka katika hilo.

NANI NI MWAJIRI?

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, iliyoanza kutumika tarehe 2 Juni 2008, haipimi mwajiri kwa ukubwa wa mfuko wake. Yeyote aliyekubaliana na mtu mwingine amfanyie kazi kwa ujira, huyo ni mwajiri. Mwenye saluni pale Makina ni mwajiri. Seremala aliye na vijana wawili wa kupiga randa ni mwajiri. Mama wa hoteli katika Laini Saba, mwenye duka la dawa pale Gatina, mwuza nguo za mitumba wa Soko la Toi aliyemweka binti wa kumshikia meza, wote ni waajiri. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 41, imempa kila mtu haki ya kutendewa sawasawa katika kazi. Haikusema kila mtu isipokuwa yule anayefanya kazi chini ya paa la mabati.

Tena yupo mwajiri mmoja ambaye yeye mwenyewe hajui kwamba ni mwajiri, na kwa ajili yake hasa nimekuja. Tuseme ni mama wa Kawangware. Saa kumi na moja alfajiri ameamka. Saa kumi na mbili yumo njiani, afuata barabara ya Gitanga kwa miguu kwenda Lavington, ambako amekuwa mtumishi wa nyumbani miaka mingi. Huko afua, apiga pasi, apika, alea mtoto wa watu. Jioni arudi akinung'unika: mshahara umechelewa, Jumapili ameitwa kazini, bibi wa nyumba amemkata fedha kwa kikombe kilichovunjika. Manung'uniko yake ni ya haki kabisa.

Lakini je, mchana kutwa watoto wake walikaa na nani? Walikaa na binti aliyeletwa kutoka mashambani. Binti huyo aliamka kabla ya mama, naye atalala baada ya mama. Hana siku ya kupumzika. Mshahara wake hupelekwa kwa mzazi wake kijijini, mwezi huu ndiyo, mwezi ujao hapana. Mama yule, ambaye kule Lavington ni mtumishi mwenye manung'uniko, akifungua mlango wa nyumba yake mwenyewe amekuwa bibi wa nyumba. Mto ule ule anaoulalamikia huko juu, yeye auelekeza kwa mwingine huko chini. Simtaji kwa kumdhihaki. Namtaja kwa sababu katika mitaa yetu watu wengi wako pande zote mbili, na mtu aliye pande zote mbili ndiye awezaye kuielewa sheria hii kuliko mwingine yeyote.

TULIKOTOKA

Wazee waliopo wamesikia habari za kipande. Kwa sheria iliyotungwa mwaka 1915 na kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa kufanya kazi alilazimishwa kuchukua karatasi yenye alama za vidole vyake, na wengi waliivaa shingoni katika kikopo cha chuma. Humo mliandikwa jina la bwana wake, mshahara wake, na siku alipoachiwa. Asipoandikiwa kwamba ameachiwa, hakuweza kwenda kwa bwana mwingine. Akitoroka kazi, hilo lilikuwa kosa la jinai, na polisi walimtafuta. Kipande kiliondolewa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, lakini kumbukumbu yake ilibaki, na hata leo wako watu wanaoona karatasi ya kazi kuwa ni kamba ya kumfungia mtu.

Basi angalieni jinsi mambo yalivyogeuzwa. Zamani karatasi ilimfunga mtumishi. Sheria ya leo yamfunga mwajiri kwanza. Ni mwajiri anayepaswa kuiandika, ni mwajiri anayepaswa kuitunza, na ikikosekana ni mwajiri anayeulizwa.

Jambo la pili la kukumbuka ni mshahara. Mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na Carpenter, aliyekuwa mkuu wa idara ya kazi, ilichunguza mishahara ya Waafrika wa mjini. Iliona kwamba mishahara hiyo ilikuwa imewekwa kwa kadiri ya mwanamume mseja, kana kwamba hana mke wala mtoto, ikashauri iwekwe kwa kadiri ya mtu mwenye jamaa. Kwa hiyo tukisema leo kwamba mshahara una kima cha chini, na kwamba juu yake mna fedha za nyumba, hayo hayakuzushwa jana. Yalipiganiwa na watu wengi, wengine wao katika mgomo mkuu wa Nairobi wa mwaka 1950.

JAMBO LA KWANZA: KARATASI

Mtu akiandikwa kwa kazi ambayo siku zake zikijumlishwa zafika miezi mitatu au zaidi, sheria yataka mapatano yawe kwa maandishi. Si lazima yapigwe chapa na wakili. Ukurasa mmoja wa daftari la shule watosha, ikiwa umeandikwa mambo haya: jina lako na jina lake, umri wake na mahali anapokaa, kazi atakayofanya, mahali pa kazi, siku aliyoanza, saa za kazi, mshahara na siku ya kuulipa, likizo, na namna ya kuachana. Nyote wawili mtie sahihi, kila mmoja abaki na nakala. Ikiwa hajui kusoma, asomewe na kuelezwa kwa lugha anayoifahamu, kisha aweke alama ya kidole.

Mtaniuliza: nisipoandika, itakuwaje? Sikilizeni vizuri. Tuseme mwenye hoteli amegombana na kijana wake. Kijana adai kwamba walipatana shilingi 800 kwa siku. Mwenye hoteli asema ni 500. Hakuna karatasi. Je, nani atatakiwa kuthibitisha? Wengi hudhani ni kijana, kwa kuwa ndiye anayedai. Sivyo. Sheria yasema kwamba mwajiri akishindwa kutoa mapatano yaliyoandikwa, mzigo wa kuthibitisha ni wake yeye mwajiri. Asipoweza, neno la kijana laweza kusimama. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nao walisema kweli.

Vivyo hivyo kwa malipo. Kila mara unapolipa mshahara, mpe mfanyakazi karatasi ya hesabu: mshahara wake kamili, kilichokatwa na sababu yake, na kilichobaki. Vibarua wa siku moja hawamo katika amri hii. Waliozoea kulipa kwa simu wana nafuu moja, kwa sababu habari ya fedha zilizotumwa hubaki. Lakini habari hiyo haisemi fedha ni za mwezi gani wala kilichokatwa ni nini. Basi andika.

JAMBO LA PILI: MSHAHARA

Serikali hutoa agizo la kima cha chini cha mshahara, na agizo hilo hubadilika mara kwa mara. Kabla ya kupatana na mtu, uliza agizo jipya kabisa. Agizo lililoanza tarehe 1 Novemba 2024 liliweka kwa jiji la Nairobi shilingi 16,113 na senti 75 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa kawaida. Na katika kundi hilo wamo mtumishi wa nyumbani, yaya, mfagiaji, mtunza bustani, tarishi na mlinzi wa mchana. Mpishi, mhudumu wa hoteli na mlinzi wa usiku wamewekwa juu zaidi. Isitoshe, mwajiri hana budi kumpa mfanyakazi mahali pa kulala panapofaa, au kumlipa fedha za nyumba, ambazo kwa agizo la jumla ni sehemu 15 katika kila 100 za mshahara huo.

Tuifanye hesabu pamoja, bila senti. Mshahara ni shilingi 16,114. Fedha za nyumba ni 2,417. Jumla ni 18,531. Kwa viwango vilivyotumika mwaka 2025, katika jumla hiyo hukatwa sehemu 6 katika 100 kwa NSSF, yaani 1,112, sehemu 2.75 kwa Bima ya Afya ya Jamii, iliyochukua mahali pa NHIF tangu tarehe 1 Oktoba 2024, yaani 510. Na sehemu moja na nusu kwa ada ya nyumba za bei nafuu, yaani 278. Vyote pamoja ni 1,900, na mfanyakazi hupokea mkononi shilingi 16,631. Kodi ya mapato hakatwi, kwa sababu mshahara wake hauzidi 24,000 kwa mwezi.

Lakini mwajiri naye huongeza kutoka mfukoni mwake: NSSF 1,112 nyingine, na ada ya nyumba 278 nyingine. Kwa hiyo mfanyakazi huyu humgharimu shilingi 19,921, kabla ya bima ya ajali na ada nyingine ndogo. Fedha zote zilizokatwa na zilizoongezwa zifikishwe zinakohusika kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Mwajiri akizikata kwa mfanyakazi kisha asizipeleke, amechukua mali ya mtu. Atakayegundua ni yule mfanyakazi, naye atagundua siku aliyolazwa hospitalini na kuambiwa kwamba michango yake haipo.

Juu ya kukata mshahara, sheria yaruhusu kukata kiasi cha haki kwa hasara iliyofanywa kwa kusudi, au kwa upungufu wa fedha alizokabidhiwa mtu akazipoteza kwa uzembe au udanganyifu. Hairuhusu kukata kila sahani inayoteleza mkononi. Na hata makato yakiwa halali, kwa jumla hayapaswi kupita theluthi mbili za mshahara. Tena mshahara haulipwi mahali panapouzwa pombe, isipokuwa kwa wale wanaofanya kazi hapo hapo. Wenye vilabu wasimlipe fundi wao wa mabomba kaunta, wakijua kwamba nusu itarudi kabla hajafika nyumbani.

JAMBO LA TATU: SAA, MAPUMZIKO NA UGONJWA

Agizo la jumla la mishahara laweka saa 52 kwa juma, zilizogawanywa katika siku sita. Na kwa wafanyao kazi usiku saa 60. Zinazozidi hulipwa mara moja na nusu, na kazi ya siku ya mapumziko au ya sikukuu hulipwa mara mbili. Katika kila siku saba mfanyakazi ana haki ya siku moja nzima ya kupumzika. Baada ya miezi 12 ana likizo ya siku za kazi 21 kwa mshahara kamili. Akiugua baada ya kutumika miezi miwili, ana siku saba za mshahara kamili na saba nyingine za nusu mshahara katika mwaka, ikiwa ameleta cheti cha daktari. Mwanamke akijifungua ana miezi mitatu kwa mshahara kamili, na haki ya kurudi kazini mwake. Baba wa mtoto ana majuma mawili. Kumwachisha mwanamke kazi kwa sababu amepata mimba ni kosa, hata kama mwajiri ni mwanamke mwenzake.

Juu ya ajali, kila mwajiri yampasa kuwakatia wafanyakazi wake bima chini ya Sheria ya Fidia ya mwaka 2007. Kijana akikatwa kidole na msumeno, habari ipelekwe kwa mkurugenzi wa usalama kazini katika muda wa siku saba. Akifa, katika muda wa saa 24. Karakana nyingi hazina bima hii. Kidole kikikatika watu huchangisha fedha, na michango ikiisha kijana hurudi kwao na mkono mbovu. Hapo mwajiri hujidanganya kwamba jambo limekwisha, nalo halijaisha.

JAMBO LA NNE: KIBARUA ASIYE KIBARUA

Kibarua kwa sheria ni mtu aliyeandikwa kwa muda usiozidi saa 24 kwa mara moja, akalipwa jioni yake. Mama fua anayekuja siku moja, akafua na kwenda zake, ni kibarua. Mlipe jioni ile ile, usimwambie arudi Ijumaa. Lakini wako waajiri wanaomwita mtu kibarua mwaka mzima. Humlipa kila jioni, asubuhi yumo tena, nao husema, "Huyu si wa kudumu." Sheria imekwisha kuliona hilo. Kibarua akifanya kazi mfululizo siku ambazo jumla yake ni mwezi mmoja au zaidi, au akipewa kazi isiyotarajiwa kumalizika katika miezi mitatu, huhesabiwa kuwa mtu wa mshahara wa mwezi, naye ana haki ya kupewa notisi kama wengine.

JAMBO LA TANO: KUACHANA

Hapa ndipo penye kesi nyingi, kwa maana hasira huja mbele ya sheria. Mfanyakazi wa mshahara wa mwezi apewe notisi ya siku 28 kwa maandishi, au alipwe mshahara wa siku hizo badala ya notisi. Na mwajiri awe na sababu ya haki ya kumwachisha.

Ikiwa kuna kosa, hata likiwa kubwa kama wizi au ulevi kazini, mwajiri asimfukuze mtu kabla ya kumweleza kosa lake kwa lugha anayoifahamu, na kumsikiliza, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mjumbe wa chama aliyemchagua mwenyewe. Mwaniuliza, "Hata mwizi asikilizwe?" Naam, hata huyo. Huenda hakuiba. Huenda aliyeiba ni yule mwingine anayewachekea. Na hata akifukuzwa kwa haki, alipwe fedha zote alizokwisha kuzitumikia mpaka siku ile. Kumwambia mtu, "Nenda, na mshahara wako umepotea," ni kosa. Na mwajiri anayezuia mshahara aweza kutozwa faini hadi shilingi 100,000, au kufungwa hadi miaka miwili, au yote mawili.

Anayefukuzwa pasipo haki ana miaka mitatu ya kwenda mahakamani, na mahakama yaweza kuamuru alipwe hata mishahara ya miezi 12. Kwa mfanyakazi wa hesabu yetu ya leo, hiyo ni zaidi ya shilingi 222,000. Kwa kampuni kubwa si kitu. Kwa mwenye hoteli ya meza nne, hiyo ni hoteli yenyewe, na meza zake, na sufuria zake. Wala msidhani mahakama iko mbali. Tangu mwaka 2018 mahakimu waliotajwa katika Gazeti la Serikali nao husikiliza mashauri ya watu ambao mshahara wao hauzidi shilingi 80,000 kwa mwezi.

Mwisho, mtu aliyetumika majuma manne au zaidi apewe cheti cha kazi, kinachosema aliajiriwa na nani, kwa kazi gani, tangu lini hata lini. Mwajiri halazimishwi kumsifu. Lakini kumnyima cheti, au kumzuilia kitambulisho chake mpaka "tumalizane," ni kurudisha kipande kwa mlango wa nyuma.

NENO GUMU

Sasa narudi kwa yule mama wa Kawangware, kwa sababu najua kwamba tangu nilipotaja shilingi 19,921 mmekuwa mkimwaza. Yeye mwenyewe, akilipwa sawasawa, apeleka nyumbani shilingi 16,631. Atamlipaje binti zaidi ya apatacho yeye?

Sitawadanganya. Sheria haina kima kimoja cha nyumba ya tajiri na kingine cha nyumba ya maskini. Binti hali nusu chakula kwa kuwa bibi yake ni maskini, wala hachoki nusu. Basi asiyeweza kulipa mshahara wa mwezi mzima asichukue kazi ya mwezi mzima. Agizo la mishahara lina viwango vya siku na vya saa pia. Mama watatu wa ploti moja waweza kumwandika mlezi mmoja mtu mzima, kila mmoja akalipa sehemu yake, watoto wakakaa pamoja. Au mtoto apelekwe kwa walezi wa mchana walio mtaani, naye mama alipe kwa siku. Njia hizi si rahisi, lakini ni za wazi, na hazimli mtu.

Njia isiyofaa ni ile ya kubadilisha jina: kusema, "Huyu si mfanyakazi, ni mpwa wangu." Ikiwa ni mpwa, aende shule kama watoto wako, ale nao, alale wanapolala. Ikiwa haendi shule, naye afanya kazi tangu alfajiri mpaka usiku, basi jina la mpwa halimsaidii. Kama ni mtoto, jambo ni zito zaidi. Aliye chini ya miaka 13 haajiriwi kabisa, na aliye kati ya 13 na 16 haruhusiwi ila kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuia na masomo. Kumlea mtoto wa mwaka mmoja mchana kutwa, na kuchota maji kwa mitungi ya lita 20, si kazi nyepesi.

Tena yapo mambo manne yasiyogharimu hata senti moja, ambayo umaskini hauwezi kuwa udhuru wake. La kwanza, kuandika ule ukurasa mmoja. La pili, kumwachia siku moja katika juma iwe yake. La tatu, kumpa mshahara wake mkononi mwake, siku ile mliyopatana. La nne, kutomtukana, kutompiga wala kumgusa vibaya, na kutomruhusu mtu wa nyumbani mwako kufanya hivyo. Mwenye kutimiza haya manne hajatimiza sheria yote, lakini ameanza. Asiyeyatimiza hana la kumlalamikia bibi wa Lavington.

Na nyinyi mlio wafanyakazi, msiyasikie haya kama habari za wengine. Ombeni karatasi yenu. Wekeni daftari lenu wenyewe: siku niliyoanza, siku niliyolipwa, saa nilizozidisha. Mwenye shida aende kwa Afisa wa Kazi, au kwa chama chake. Watumishi wa nyumbani na wa hoteli wanacho chama cha KUDHEIHA.

Mabibi na Mabwana, sikuja kuwatisha kwa mahakama. Nimekuja kuwaomba kitu kidogo. Usiku wa leo, mtakapofika nyumbani, chukueni daftari na kalamu. Mwiteni yule mliyemwandika kazi, aketi, maana mara nyingi yeye hasimamishwi ila kwa kutumwa. Mwulizeni jina lake kamili, kwa kuwa wako waliokaa na mtu mwaka mzima wasimjue ila kwa jina la mtoto anayemlea. Kisha liandikeni.